Jiko la induksheni limenunuliwa, sufuria je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Tangu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, ukiwa na lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034, tumesoma mengi kuhusu mitungi ya gesi, majiko ya umeme na bei zake. Kuhusu sufuria tunasoma machache mno. Matokeo yake mtu ananunua jiko la induksheni Kariakoo, analifikisha nyumbani, anaweka juu yake sufuria ya alumini aliyopikia miaka yote, jiko linalia pii, pii, pii, kioo kinaonyesha herufi na namba asizozielewa, na baada ya muda mfupi linajizima. Kesho yake linarudishwa dukani kwa madai kwamba ni bovu. Jiko ni zima. Kinachokosekana ni chuma.

Jiko hili halitoi moto wala haliwi jekundu. Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba. Umeme wa gridi unaingia ukiwa na mizunguko 50 kwa sekunde. Ndani ya mashine unageuzwa kuwa wa mizunguko zaidi ya 20,000 kwa sekunde, kisha unapitishwa kwenye koili hiyo. Sumaku inayobadilika kwa kasi namna hiyo ikikutana na chuma, inazusha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria, na mikondo hiyo ikipambana na ukinzani wa chuma ndipo joto linapozaliwa. Kwa hiyo sufuria yenyewe ndiyo inayowaka. Kioo kinapata joto la kurudishiwa tu.

Alumini haina usumaku na inapitisha umeme kirahisi mno. Mikondo inapita ndani yake bila kukutana na ukinzani wa maana, joto linalopatikana ni dogo, na mashine ikilitambua hilo inasimama ili isiunguze vipuri vyake. Shaba ni vivyo hivyo. Chungu cha udongo na bakuli la kioo havina kazi yoyote hapo.

Kipimo cha kwanza ni sumaku, na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu inatosha. Ila wengi wanaipima vibaya. Wanaigusisha ubavuni mwa sufuria, inashika kidogo, wanalipa. Joto linazaliwa kwenye kitako, kwa hiyo sumaku ipimwe katikati ya kitako na kwenye kingo za kitako, na ishike kwa nguvu kiasi kwamba ukiigeuza sufuria haidondoki. Ikishika kwa kusitasita, jiko linaweza kuitambua sufuria lakini likavuta wati 600 pale ulipoliamuru livute 2000, na wewe ukabaki unashangaa chai inachemka kwa nusu saa.

Hapa ndipo stenlesi inapowachanganya watu. Jina ni moja, vyuma ni vingi. Ukiona imeandikwa 18/10 au 18/8, namba ya kwanza ni asilimia ya kromi na ya pili ni ya nikeli. Nikeli ikiwa nyingi, usumaku unakufa. Sufuria ya 18/10 inang'aa, haishiki kutu, bei yake imesimama, na bado jiko la induksheni litaikataa ikiwa haikuongezewa bamba la chuma cha sumaku chini. Ile ya 18/0, ambayo viwandani inaitwa daraja la 430, haina nikeli ya kutajika na sumaku inaikamata barabara. Kuna pia stenlesi ya bei rahisi ya daraja la 201, ambayo sehemu ya nikeli imebadilishwa na manganizi. Nayo kwa kawaida haina usumaku wa kutosha. Chuma cha aina hizi mbili zisizo na sumaku kikikunjwa kwa nguvu kiwandani hupata usumaku kidogo kwenye mikunjo, na ndiyo sababu sumaku huweza kushika kwenye kona na kuteleza katikati.

Sufuria za enameli, zile za rangi zenye doa jeusi pale zilipobanduka, ndani yake ni chuma cha kawaida, kwa hiyo zinakubali vizuri sana. Tatizo lake ni kukaukiwa maji: enameli ikipata joto kali bila kitu ndani inaweza kulainika na kung'ang'ania kioo cha jiko. Vyuma vizito vya kusubu, vikiwemo vya kukaangia chapati, vinakubali pia, mradi kitako kiwe bapa. Karai la duara la maandazi halifai kwenye jiko bapa hata kama ni la chuma, kwa sababu kinachogusa kioo ni nukta moja, na kadiri chuma kinavyopanda juu ya kioo ndivyo nguvu ya sumaku inavyopungua.

Alama ya kutafuta chini ya sufuria ni mchoro wa waya uliosokotwa kama springi, mara nyingi na neno la Kiingereza "induction" pembeni. Usiiamini alama peke yake. Kubandika stika hakugharimu kitu. Alama iliyogandamizwa kwenye chuma chenyewe ina uzito zaidi, na sumaku ina uzito kuliko zote.

Baada ya sumaku, angalia unene wa kitako. Suala hili halina budi kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalounguza wali. Koili ina umbo la pete, kwa hiyo joto kali halizaliwi katikati ya sufuria wala ukingoni, bali kwenye duara lililo kati ya sehemu hizo mbili. Stenlesi ni mvivu wa kusambaza joto; alumini inalisambaza karibu mara tisa zaidi ya stenlesi ya daraja la 430. Ukiwa na sufuria nyembamba ya stenlesi tupu, joto linabaki palepale lilipozaliwa, na unapata ukoko wa umbo la pete huku wali wa katikati ukiwa mbichi. Dawa yake ni kitako cha tabaka tatu: stenlesi ndani inayogusa chakula, alumini nene katikati ya kusambaza joto, na bamba la chuma cha sumaku chini. Kitako cha namna hiyo kikiwa na unene wa milimita 4 hadi 5 kwa jumla kinafaa kwa wali, mchuzi mzito na maziwa. Ukiwa dukani, itazame sufuria kwa ubavu: utaona mstari unaozunguka pale kitako kilipounganishwa. Gonga kwa kidole. Kitako kinene kinatoa sauti nzito na fupi, chembamba kinalia kama bati.

Nyumbani unaweza kuipima kwa maji. Mimina maji ya kina cha nusu sentimita, weka wati 1000, tazama viputo vya kwanza vinatokea wapi. Vikitokea karibu kitako kizima, una sufuria nzuri. Vikichora pete nyembamba, sufuria hiyo iachie chai na kuchemshia mayai.

Yapo pia makaango ya alumini yasiyoganda, au frampeni kama wengi tunavyoziita, yaliyogandamizwa chini bamba la chuma lenye matundu mengi madogo. Yanafanya kazi, ila nusu ya kitako ni alumini inayojaza yale matundu, kwa hiyo nguvu yanayovuta ni pungufu, na kuna ya bei ya chini ambayo bamba lake huanza kubanduka. Ukisikia linagongagonga au ukiona uwazi kati ya bamba na kaango, liache. Maji ya kuoshea yakiingia kwenye uwazi huo, siku ukiliwasha kwa nguvu mvuke unatafuta pa kutokea na kitako kinavimba.

Kuhusu ukubwa, pima kitako kwa rula, usipime mdomo. Sufuria inayouzwa kama ya sentimita 24 inaweza kuwa na kitako cha 19, na bamba la sumaku ndani yake likawa la 17. Majiko mengi yenye sehemu moja ya kupikia yana koili ya kipenyo cha kati ya sentimita 16 na 20. Chini ya sentimita 12 hivi jiko halioni kitu, ndiyo maana birika dogo la kahawa linakataliwa japokuwa ni la chuma. Kwa upande wa pili, sufuria ya sherehe yenye kitako cha sentimita 32 itapata joto katikati tu na pembeni patabaki pa uvuguvugu, hata uvumilie vipi. Shughuli ya watu hamsini si kazi ya jiko hili.

Cha nne ni ubapa. Weka rula kwenye kitako ukitazama mwangaza upande wa pili. Kitako kilichoingia ndani kidogo sana kikiwa cha baridi hakina neno, kwani chuma hutanuka kikipata joto na kujinyoosha. Kilichotokeza nje kinazunguka juu ya kioo kama pia ya kuchezea, na mafuta yanakimbilia pembeni. Mara nyingi mtu mwenyewe ndiye anayekiharibu: anawasha wati 2000 chini ya kaango tupu ili "lipate moto haraka". Moto wa gesi huchukua muda. Hapa kitako kinaweza kupita nyuzi 250 kabla hujamaliza kukata kitunguu. Kitako chembamba kinapinda siku hiyo hiyo. Na kikishapinda kuna hatari nyingine: kipima joto cha jiko kipo chini ya kioo, katikati ya koili, na kinahisi joto la kioo tu. Kitako kikiwa hakigusi pale katikati, jiko linadhani mambo ni shwari huku mafuta yanafuka moshi. Kwa kukaanga, weka mafuta kwanza, anza na wati 800, pandisha taratibu, na usiondoke.

Kwa hiyo mtu anunue zipi? Seti za vipande 12 zilizofungwa kwa karatasi la plastiki ni za kupamba kabati. Familia ya watu watano inahitaji sufuria moja ya lita tano yenye kitako cha sentimita 20 kwa ugali na wali, moja ya lita mbili kwa chai, uji na mboga, kaango moja bapa lenye uzito, na presha kuka. Fedha iliyobaki iongezwe kwenye unene wa kitako cha ile ya kwanza. Mifuniko ikae sawasawa mdomoni, nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo, niseme kuhusu yale majiko ambayo muuzaji anakwambia "hili linakubali sufuria zote". Hilo si la induksheni. Ni la infraredi: chini ya kioo kuna waya unaoiva hadi kuwa mwekundu, na joto linapita kwenye kioo kwenda kwenye sufuria. Kwa sura yanafanana kabisa, meusi, bapa, na vitufe vya kugusa, na wengine wanayauza kwa jina moja. Kuyatofautisha ni rahisi, liwashe dukani bila sufuria. Likiwa jekundu ni infraredi. Likilia na kukataa ni induksheni. Sisemi infraredi ni jiko baya. Kwa mtu mwenye sufuria nzuri za alumini na asiye na uwezo wa kununua nyingine mwaka huu, hilo ndilo la kwake, ajue tu kwamba kioo kinabaki cha moto mkali kwa muda mrefu baada ya kuzima, na watoto wasikaribie. Kinachokera ni kuuziwa moja kwa jina la lingine. Wapo pia wanaouza sahani ya chuma ya kuweka kati ya jiko la induksheni na sufuria ya alumini. Sahani inapata moto, alumini inapashwa juu yake, joto jingine linarudi kwenye kioo na kuwasha kinga ya jiko, ambalo linazima katikati ya mapishi. Umenunua jiko la haraka ukaligeuza kuwa la polepole.

Sasa gharama. Kwa vipimo vinavyotumiwa na Idara ya Nishati ya Marekani, jiko la induksheni linafikisha kwenye chakula hadi asilimia 85 hivi ya umeme unaoingia, jiko la kioo la waya wa joto asilimia 75 hadi 80, na la gesi asilimia 32 hivi ya nguvu ya gesi yake. Tufanye hesabu. Kuchemsha lita mbili za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji joto la uniti 0.174 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Kwa asilimia 85 unalipa uniti 0.205, kwa asilimia 75 unalipa 0.232. Mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, ananunua uniti kwa shilingi 292, na akiongezewa VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1 inafika shilingi 356. Maji yale yanamgharimu shilingi 73 kwa induksheni na 83 kwa jiko la waya. Tofauti ni shilingi kumi. Anayekwambia kwamba kubadili jiko pekee kutapunguza gharama ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa nusu hajafanya hesabu hii.

Fedha inapotea kwenye mvuke. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji uniti 0.63, na kwa jiko la asilimia 85 unalipa 0.74. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya joto la kuyachemsha maji hayo hayo kutoka ubaridi. Maharage yanayotokota wazi kwa saa mbili na kukuomba uongeze maji hadi lita mbili yamekula uniti moja na nusu kwa kupaa peke yake, karibu shilingi 530, na hakuna aliyeila hiyo. Maji yanayochemka kwa fujo hayana joto kuliko yanayotokota polepole. Yote ni nyuzi 100 pwani. Chakula hakiivi haraka kwa sababu ya mapovu. Kwa hiyo funika, na mara tu mvuke unapoanza kusukuma mfuniko, shusha kutoka wati 2000 hadi 300 au 400. Hapo ndipo mfuniko unaokaa sawasawa unapojilipa.

Lipo kosa la upande wa pili pia. Wengi wanachemsha kwa wati 800 tangu mwanzo wakidhani wanabana matumizi. Jiko linalipwa kwa wati mara muda, na maji yakichelewa kuchemka sufuria inapoteza joto hewani kwa muda mrefu zaidi. Anza kwa nguvu, shusha mapema.

Maharage na makande yanahitaji presha kuka. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, usipite nusu ya chombo kwa sababu nafaka huvimba na kutoa povu linaloziba tundu la mvuke. Ndani ya presha joto linafika nyuzi 115 hadi 120, na kilo moja ya maharage yaliyolowekwa inaiva kwa takriban nusu uniti yote kwa yote. Kwa wakazi wa nyanda za juu faida ni kubwa zaidi: Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Mbeya 94, Njombe chini kidogo ya hapo, na hiyo ndiyo sababu maharage ya kule yanakaa jikoni mchana mzima. Ila presha kuka nyingi zilizomo majumbani ni za alumini. Ukitaka ya kutumia juu ya jiko la induksheni, sumaku ile ile chini ya kitako. Au nunua ya umeme yenye jiko lake ndani. Kwa maharage tu, hiyo inaweza kukutosheleza kuliko kubadili jiko. Angalizo kwa maharage mekundu: yakipikwa kwa moto mdogo sana bila kuchemka kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, sumu yake ya asili haifi na matumbo yatasema.

Wali nao una yake. Kwenye jiko hili hakuna kupalia makaa juu ya mfuniko, na majiko ya bei ya chini hayawezi kutoa wati 300 mfululizo. Yanatoa wati 1000 kwa sekunde chache, yanazima, yanawasha tena. Utayasikia yakivuma na kunyamaza. Kitako chembamba kinaunguza kila yanapowaka. Kitako kinene kinameza mawimbi hayo. Chemsha kwa wati 1600, maji yakikaribia kukauka shusha hadi chini kabisa, weka kitambaa safi kati ya mfuniko na sufuria huku ncha zake zikikunjwa juu, na zima dakika tano kabla ya muda uliozoea. Ukiwa na kapu la kutunzia joto, au hata blanketi nzito na boksi, wali uliochemka dakika tano na bado una maji yake unaweza kumalizikia humo kwa dakika arobaini bila uniti hata moja.

Ugali ni mtihani wa sufuria. Kioo kinateleza, na sufuria zetu hazina mikono. Chagua yenye mikono miwili na uzito wake wa kutosha, chemsha maji kwa nguvu, ukianza kusonga shusha hadi 800. Sufuria ikiinuliwa au kuinamishwa sana jiko linasimama na kulia. Irudishe tu, nyingi zinaendelea zenyewe ikiwa hujachelewa. Usiisukume huku na huko ikiwa na mchanga au chumvi chini yake, kioo kinachubuka.

Kuna jambo moja la LUKU ambalo wauzaji wa majiko hawalisemi. Mteja wa kundi la D1, yaani nyumba yenye matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, yaani 122 pamoja na makato. Uniti inayofuata baada ya 75 ni shilingi 350, na makato yake inafika 427. Nyumba inayotumia uniti 35 kwa taa, runinga na pasi, ikapika kwa uniti moja na robo kwa siku, inamaliza mwezi na uniti 72 au 73 na bado iko salama. Ikipika ovyo kwa uniti mbili kwa siku inafika 95, na zile 20 za juu zinagharimu shilingi 8,540, karibu sawa na zote 75 za mwanzo ambazo ni 9,150. Kwa nyumba kama hiyo mfuniko na presha kuka si anasa. Soma mita kabla ya kupika na baada ya kupika, kwa wiki moja, vifaa vingine vikubwa vikiwa vimezimwa, utajua chakula kipi ndicho kinachokumaliza.

Upande wa waya: jiko la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta ampia 8.7. Soketi ya ukutani ya ampia 13 iliyofungwa vizuri inalimudu. Ekstensheni ya bei ya chini, yenye waya mwembamba na iliyokunjwa nyuma ya kabati, hailimudu, na ukiongeza birika la umeme la wati 2000 kwenye ekstensheni hiyo hiyo unafika ampia 17. Plagi ikiwa ya moto mkononi baada ya dakika kumi, acha kupika, mwite fundi. Pale umeme unapofika ukiwa umepungua, jiko litaonyesha namba ya hitilafu au litapika polepole; kulipiga kofi hakusaidii.

Jiko lenyewe lina feni chini na nyuma. Acha sentimita kumi kutoka ukutani, usiliweke juu ya kitambaa au gazeti, na usichomoe plagi feni ikiwa bado inazunguka. Kinachoua majiko haya mapema hapa Dar es Salaam ni mende na mafuta: mende wanaingia kwenye matundu ya feni kufuata uvuguvugu, na mafuta yanayonyonywa na feni yanagandisha vumbi kwenye vipuri. Futa matundu kila wiki kwa brashi kavu. Usiache kijiko, kisu au karatasi ya foili juu ya kioo. Na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani akae umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye jiko linalofanya kazi, na amuulize daktari wake kwanza.

Ombi langu kwa wauzaji na kwa Shirika la Viwango Tanzania ni dogo. Kwenye boksi la kila jiko iandikwe kwa Kiswahili kama ni la induksheni au la infraredi, pamoja na kipenyo cha koili. Kwenye kila sufuria inayotangazwa kuwa inafaa, kiandikwe kipenyo cha bamba la sumaku na unene wa kitako, siyo kipenyo cha mdomo peke yake. Na kwenye kaunta kuwe na sumaku iliyofungwa kamba.

Wako,
Fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani,
Temeke, Dar es Salaam